Filta ya Mafuta kwenye Gari la Zamani la Kabureta: Dalili, Vyanzo na Mahali pa Kuifunga

Gari la kabureta likianza kukatakata, filta ya mafuta ndiyo hulaumiwa kwanza. Inafunguliwa, inafungwa mpya, gari linatulia siku chache, kisha shida inarudi palepale. Filta iliyoziba imezibwa na kitu, na kitu hicho bado kimo ndani ya tangi au ndani ya mpira. Pengine filta ni nzima kabisa, ila imefungwa upande usiofaa wa pampu, iko juu ya ekzosi, au ni laini mno kwa kazi iliyopewa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jua dalili inatokea lini: injini ikiwa baridi au ya moto, ikiwa inabeba mzigo au inanguruma tu, mara inapowaka au baada ya mwendo mrefu. Wakati wa dalili hueleza mengi kuliko filta yenyewe.

Maelezo haya yanahusu hasa injini za petroli zenye kabureta, ziwe na pampu ya kimakanika inayosukumwa na kamshafti au pampu ya umeme iliyoko karibu na tangi.

Upande wa kuvuta na upande wa kusukuma

Karibu kila kosa la kufunga filta linatokana na kutotofautisha pande hizi mbili. Upande wa kuvuta ni kuanzia tangi hadi pampu. Upande wa kusukuma ni kuanzia pampu hadi kabureta.

Pampu inapovuta, hupunguza presha ndani ya bomba, na hewa ya nje inayokandamiza mafuta tangini ndiyo inayoyasogeza. Kila kizuizi upande huu huzidi kushusha presha, na petroli iliyo chini ya presha ndogo huchemka kwa joto dogo zaidi. Petroli ya kawaida huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 za Selsiasi hata bila kuvutwa. Ongeza filta laini iliyoanza kuchafuka, ongeza joto la chumba cha injini, na pampu itakuwa inapiga mvuke badala ya mafuta. Pampu ya mafuta haiwezi kazi ya kusukuma mvuke.

Upande wa kusukuma hali ni tofauti. Kizuizi kilekile hula sehemu ya presha ya pampu tu, na mafuta yaliyo chini ya presha hayachemki kwa urahisi. Ndiyo maana kanuni ni filta ya matundu makubwa kabla ya pampu, filta laini baada ya pampu. Kabla ya pampu, wavu wa mikroni 70 hadi 100 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) unatosha kuzuia chembe zinazoharibu vali za pampu. Baada ya pampu, filta ya mikroni 40 hivi inafaa kabureta nyingi. Ya mikroni 10 ni ya injeksheni (mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta), na kwenye kabureta inaleta usumbufu bila faida yoyote.

Kumbuka pia kwamba nguvu iliyopo ni ndogo. Pampu nyingi za kimakanika hutoa presha ya psi 3 hadi 6 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba), na kabureta za SU huridhika na psi 3 hivi. Kuinua petroli mita moja kwenda juu peke yake hula karibu psi 1. Filta mbili laini zikifuatana, mpira mwembamba na kona kali vinaweza kumaliza kilichobaki.

Usalama kabla ya vipimo

Toa waya hasi wa betri kabla ya kufungua mpira wowote. Kwenye vipimo vinavyohitaji stata au pampu ya umeme, urudishe baada ya mpira kuingizwa ndani ya chombo. Usitumie taa ya kuning'iniza yenye balbu ya kioo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kujikusanya kwenye shimo la kufanyia kazi. Fungua filta gari likiwa juu ya sakafu, mahali penye hewa, kizima moto kikiwa karibu na mkono. Injini iwe imepoa.

Gari linakwenda vizuri taratibu, linafifia mlimani au kwa kasi, likipumzishwa linarudi

Hii ndiyo dalili ya kweli ya njia ya mafuta iliyobanwa, na ndiyo inayostahili kupimwa kwa uangalifu kuliko zote. Kinachotokea ni hesabu nyepesi. Injini inayotoa kilowati 75 kwa nguvu zote hutumia takriban kilo 0.3 za petroli kwa kila kilowati kwa saa, yaani karibu lita 30 kwa saa, au nusu lita hivi kwa dakika. Ikinguruma bila mzigo hutumia sehemu ndogo sana ya hiyo. Filta iliyobanwa huruhusu hiyo sehemu ndogo bila shida. Ukikanyaga mafuta mlimani, chumba cha floti (kibakuli cha petroli ndani ya kabureta) kinamaliza akiba yake kwa sekunde chache, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, gari linamisi na kukosa nguvu. Ukiegesha, chumba kinajaa tena polepole na gari linaonekana limepona.

Vitu vinne hutoa dalili hii hii: filta iliyoziba, tundu la hewa la tangi lililoziba, uchafu unaofunika bomba la kunyonyea ndani ya tangi, na mpira uliobomoka kwa ndani. Vitenganishe kwa mpangilio ufuatao.

Kwanza, kifuniko cha tangi. Endesha mpaka gari lianze kufifia, simama mahali salama, fungua kifuniko mara moja. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, tangi halipumui. Rudia safari ileile fupi kifuniko kikiwa kimelegezwa na tangi likiwa halijajaa. Shida ikitoweka, achana na filta. Angalia kama kifuniko ni cha aina yenye tundu, maana vingi vimebadilishwa na vya magari mengine, au kama kibomba cha hewa juu ya tangi kimezibwa na udongo au kiota cha nyigu.

Pili, pima mtiririko. Toa mpira kwenye kabureta na uuingize kwenye chombo chenye alama za vipimo, uzime mfumo wa cheche kwa kutoa waya mwembamba wa koili, kisha zungusha stata kwa sekunde 15. Kwenye pampu ya umeme washa tu swichi. Pampu ya kimakanika hufanya kazi polepole stata inapozungusha, hivyo usitegemee namba moja. Fanya kipimo mara mbili, filta ikiwemo na filta ikiwa imerukwa kwa kipande cha bomba tupu. Kiasi kikiongezeka sana bila filta, umempata mhusika. Kwenye pampu ya umeme, nusu lita kwa dakika inatosha injini ndogo ya lita 1.0 hadi 1.3, na injini kubwa ya silinda nane huhitaji karibu lita moja kwa dakika.

Tatu, mtiririko ukibaki hafifu hata bila filta, chomoa mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye pampu, uweke mpira mwingine unaonyonya kutoka kwenye kopo safi la petroli lililo chini ya usawa wa pampu. Mafuta yakija vizuri, pampu ni nzima na tatizo liko nyuma yake. Yakibaki hafifu, tatizo ni pampu: diafragamu (utando unaosukuma mafuta) au vali zake. Pampu ya kimakanika yenye diafragamu iliyotoboka inaweza kumwaga petroli ndani ya oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili na unuse. Oili ikinuka petroli, usiwashe injini tena kabla ya kurekebisha pampu na kubadilisha oili.

Nne, kwa tatizo la nyuma ya pampu, fungua kifuniko cha tangi na upulize hewa ya presha ndogo kuelekea tangini kupitia bomba. Usipulize kamwe kupitia pampu, vali zake zitaharibika. Msaidizi asikilize mapovu tangini. Gari likiendeshwa vizuri kwa muda baada ya kupuliza, kisha likarudia, kuna kitu kinachoelea tangini na kufunika bomba la kunyonyea: mara nyingi gamba la rangi ya kuzibia tangi lililobanduka. Gamba hunyonywa na kushikilia injini ikitaka mafuta mengi, halafu huanguka injini ikizimwa. Hakuna filta itakayotibu hilo. Tangi lishushwe na lisafishwe.

Mpira uliobomoka kwa ndani ni mgumu kuugundua kwa macho. Nje unaonekana mzima, ndani tabaka limevimba na kujitenga, na pampu ikivuta kwa nguvu tabaka hilo hujifunga kama vali. Mpira wa upande wa kuvuta usiojulikana umri wake, ubadilishe tu. Kuupima kunachosha kuliko kununua mpya.

Tahadhari kuhusu geji ya presha: presha ikisomwa injini inanguruma tu, au mafuta yakiwa yamesimama, filta iliyoziba itaonyesha presha nzuri kabisa. Upungufu huonekana mafuta yanapopita kwa wingi. Funga geji baada ya filta kwa mpira mrefu utakaokuwezesha kuisoma gari likipanda mlima, lakini geji ibaki nje ya kioo cha mbele, usiiingize ndani ya gari ikiwa na petroli.

Injini ya moto inakataa kuwaka baada ya kusimama kidogo

Gari limetembea vizuri, limezimwa dakika 10 hadi 30, halitaki kuwaka. Likiachwa lipoe kabisa, linawaka bila neno. Injini inapozimwa maji hayazunguki na upepo hakuna, kwa hiyo joto la chini ya boneti hupanda kabla ya kushuka. Filta iliyo karibu na manifoldi ya ekzosi inachemsha mafuta yake, na matokeo yake ni mawili yanayopingana.

Ya kwanza, mvuke unasukuma petroli kupita vali ya sindano (inayozuia mafuta kuingia chumba cha floti kikijaa) na injini inafurika. Utasikia harufu kali, na injini itawaka ukikanyaga pedali hadi mwisho bila kuipigapiga, ikitoa moshi mweusi. Ya pili, bomba limebaki na mvuke mtupu na chumba cha floti kimekauka. Toa kifuniko cha filta ya hewa, injini ikiwa imezimwa, chungulia koo la kabureta na usogeze mkono wa mafuta: kabureta yenye pampu ya kuongezea mafuta inapaswa kurusha mchirizi wa petroli. Isiporusha, imekauka. Kabureta za SU hazina pampu hiyo, kwa hiyo hapo legeza mpira wa kuingizia mafuta na uone kama kinachotoka ni petroli au mapovu.

Tiba inaanza na mahali. Filta isiwe juu ya manifoldi, isiguse kichwa cha silinda wala bomba la maji ya moto. Mpira usipite juu ya ekzosi. Ikiwa hakuna nafasi kati ya pampu na kabureta isipokuwa penye joto, ni bora sehemu hiyo ibaki na bomba tupu la chuma, na filta ihamie kwenye chesisi kabla ya pampu ikiwa ya matundu makubwa.

Magari mengi yaliyotoka kiwandani na tabia hii yalipewa filta ya midomo mitatu: wa kuingia, wa kwenda kabureta, na mdogo wa kurudisha mvuke tangini. Jeep zenye injini ya AMC ya lita 4.2 ni mfano unaojulikana. Mdomo wa kurudishia lazima ukae juu kabisa, mithili ya namba 12 kwenye uso wa saa, kwa sababu mvuke hupanda. Filta ikizungushwa mdomo huo ukakaa chini, mafuta ndiyo hurudi tangini na mvuke hubaki kwenda kabureta. Gari linasumbua kuwaka na kusitasita ukikanyaga. Usiibadilishe kwa filta ya midomo miwili na kuziba bomba la kurudi. Wala usiweke kiungo cha T cha kawaida mahali pake: mdomo wa kurudishia una tundu dogo makusudi, la takriban milimita moja hadi moja na nusu, na bila kizuizi hicho presha yote inapotea.

Asubuhi stata inazungushwa muda mrefu kabla ya kuwaka

Choki ikiwa sawa, sababu ya kawaida ni hewa inayoingia upande wa kuvuta. Bomba hili halivuji kwenda nje linapofanya kazi, linavuta hewa kwenda ndani, kwa hiyo pakavu hapathibitishi kwamba pamefungika. Usiku hewa huingia, mafuta hurudi tangini kwa uzito wake, na asubuhi pampu inaanza na bomba tupu.

Anza na filta yenyewe. Bakuli la kioo chini ya pampu, kama la pampu nyingi za chapa ya AC, hufungwa na gasketi ya koki ambayo hunywea gari likikaa bila kutumika. Badilisha gasketi, safisha ukingo wa kioo, kaza kwa vidole tu. Kioo kikilazimishwa hupasuka ufa usioonekana. Kwenye filta ya plastiki, chunguza mshono wa katikati na shingo za midomo, hasa ikiwa plastiki imegeuka rangi ya njano. Kisha klipu: klipu kubwa kwenye mpira mdogo haikazi kwa mviringo kamili, inaacha upenyo chini ya skrubu.

Uthibitisho mzuri ni kuweka kwa muda kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani kabla ya pampu na kutazama injini ikinguruma. Mapovu machache mara baada ya kuwaka ni ya kawaida. Mapovu yasiyoisha ni hewa. Rudi nyuma kiungo kwa kiungo hadi yakome, kisha utoe kipande hicho. Mpira wa aina hiyo si wa kuachwa kwenye gari.

Kwenye pampu ya umeme ya SU, sikiliza mlio. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, inapaswa kugonga haraka, ipunguze, kisha inyamaze. Ikigonga haraka bila kukoma inavuta hewa au tangi ni tupu. Ikigonga kila baada ya sekunde chache, mafuta yanapotea mahali: sindano ya kabureta haifungi, vali ya pampu inarudisha, au kuna uvujaji. Ikinyamaza tangu mwanzo, angalia umeme na platini zake kabla ya kugusa filta.

Kabureta inafurika mara tu baada ya filta mpya kufungwa

Mara nyingi mkosaji ni ufungaji wenyewe. Mpira mpya unapokatwa kwa msumeno au kusukumwa kwenye mdomo wenye makali, vipande vidogo vya mpira hukwanguliwa. Vikitokea baada ya filta, hakuna cha kuvizuia: vinakwenda moja kwa moja kwenye vali ya sindano na kuizuia isifunge. Kata mpira kwa wembe mkali, upulize ndani, na kabla ya kuunganisha kwenye kabureta pitisha kiasi cha kikombe kimoja cha petroli kwenye chombo. Ikiwa imeshafurika, fungua kifuniko cha chumba cha floti, toa sindano, safisha kiti chake.

Chanzo kingine: filta ya zamani ilikuwa imeziba na kuficha pampu yenye presha kubwa kupita kiasi, hasa pampu ya umeme iliyoongezwa baadaye. Pima presha mafuta yakiwa yamesimama. Ikizidi ile inayotakiwa na kabureta, weka kidhibiti cha presha.

Filta ya kuona ndani imejaa nusu tu

Hii peke yake si hitilafu. Hewa iliyonaswa sehemu ya juu ya filta haina pa kutokea, na mafuta hupita chini yake. Injini ikiwa na nguvu zote mlimani, iache. Ukitaka ijae, isimamishe wima mdomo wa kutokea ukiwa juu. Jambo la kutazama ni mabadiliko: filta iliyokuwa imejaa siku zote na sasa inakauka ukipiga mafuta inaonyesha kizuizi nyuma yake, upande wa tangi.

Filta mpya inaziba tena baada ya muda mfupi

Usiitupe. Imwage kinyume cha mshale juu ya kitambaa cheupe, kisha ikiwa ni ya chuma ikate kwa kikata bomba baada ya kukauka kabisa. Msumeno huongeza chembe zake na kuchanganya ushahidi.

Unga wa kahawia au mwekundu ni kutu ya tangi. Usitegemee sumaku kuithibitisha, kwani kutu nyekundu haishikwi vizuri na sumaku. Magamba meusi ya chuma ndiyo hushikwa. Chembe nyeusi laini zinazopakaa vidoleni ni mpira unaooza, kwa kawaida mpira wa zamani usiovumilia petroli yenye ethanoli. Unga mweupe ni aluminiamu au zinki iliyoliwa, na huambatana na maji. Magamba membamba yenye rangi ni dawa ya kuzibia tangi. Utandu wa kahawia unaonata na kunuka kama vanishi ni petroli iliyozeeka. Matone yanayojikusanya chini ya petroli na kuteleza peke yake ni maji. Filta ya karatasi huvimba ikilowa maji na kubana njia hata kama haina uchafu wowote.

Gari lililoanza kutumia petroli yenye ethanoli baada ya miaka mingi, au lililofufuliwa baada ya kukaa, litaachia uchafu wa zamani kwa wingi mwanzoni. Hapo weka filta za bei nafuu za kuona ndani na ubadilishe baada ya kilomita 100, kisha 500, halafu uone. Zikiendelea kuchafuka kwa kasi ileile, shusha tangi. Kuendelea kubadilisha filta bila kugusa tangi ni kupoteza pesa, na chembe ndogo kuliko matundu ya filta zinaendelea kusaga sindano na jeti muda wote huo.

Kuchagua

Ndani ya chumba cha injini, filta ya chuma iliyofungwa kabisa ndiyo chaguo. Ya plastiki ina faida ya kuonyesha uchafu, lakini mahali pake ni chini ya gari au kwenye chesisi, mbali na joto. Zile za kioo zenye ncha za kromu hupendeza macho, ila kioo hukaa kati ya pete mbili za mpira na skrubu zinazolegea kwa mtikisiko. Juu ya injini hazifai hata kidogo.

Karatasi hukamata chembe ndogo, huvimba kwa maji, haioshwi. Wavu wa chuma kisichoshika kutu huoshwa na kurudishwa, nao ndio mzuri kabla ya pampu. Shaba ya chembe zilizounganishwa haivimbi, lakini ikiziba kwa utandu haisafishiki vizuri.

Ukubwa ulingane na bomba: milimita 6, 8 au 10. Filta za kufaa magari yote mara nyingi zina midomo ya ngazi mbili. Ukifunga mpira wa milimita 8 na kuacha ncha ya milimita 6 mbele yake, umebana njia bila kujua. Yapo matoleo yanayoruhusu ncha hiyo kukatwa, na baada ya kukata osha mabaki ya plastiki. Chagua filta yenye eneo kubwa la kuchujia kuliko unavyodhani unahitaji. Kwa mpira, tafuta alama ya SAE J30 R9, ambao tabaka lake la ndani linastahimili ethanoli.

Kabla ya kuongeza filta, hesabu zilizopo tayari: wavu tangini, wavu ndani ya pampu, na filta ndani ya mdomo wa kabureta. Kabureta ya Rochester Quadrajet ina filta ndogo nyuma ya nati kubwa ya kuingizia mafuta, ikishikiliwa na springi. Ikiziba, mafuta yanaisukuma springi na kupita bila kuchujwa, kwa hiyo gari halizimi lakini uchafu unaingia. Ukiifungua, shikilia nati kubwa kwa spana moja na ugeuze nati ya bomba kwa nyingine. Nyuzi za kabureta ni laini na huharibika haraka.

Mahali na namna ya kuifunga

Kwa gari lenye pampu ya kimakanika, mpangilio unaofaa wengi ni wavu wa mikroni 100 kwenye chesisi pale bomba linapoondoka tangini, na filta ya chuma ya mikroni 40 kati ya pampu na kabureta ikiwa kuna nafasi isiyo na joto. Kwa pampu ya umeme ya kuzungusha, pampu iwe karibu na tangi na chini, wavu kabla yake, filta laini baada yake. Pampu hiyo ipate swichi ya kukata umeme gari likigongwa, kwa sababu uvujaji wowote baada yake ni wa kurusha mafuta, hata injini ikiwa imezima.

Volkswagen Beetle inahitaji neno la pekee. Watu wengi huning'iniza filta ya plastiki kwenye mpira juu ya injini, karibu na distribyuta. Uzito na mtikisiko wake huvuta vibomba vya shaba vya pampu na kabureta, ambavyo vimesukumwa tu kwenye matundu yake bila nyuzi, na kikichomoka petroli humwagika juu ya injini ya moto ambayo nyumba yake ni ya aloi ya magnesiamu. Filta ikae chini ya gari kando ya gia boksi, kabla bomba halijaingia chumba cha injini.

Elekeza mshale upande wa kabureta. Sukuma mpira juu ya mdomo sentimita 2 hadi 2.5, ukivuka kifundo cha mdomo, na klipu ikae nyuma ya kifundo hicho. Tumia klipu za bendi nzima zisizo na matundu. Zile za matundu huukata mpira. Filta ya chuma ishikwe na bano lake kwenye bodi au chesisi, isining'inie kwenye mpira, na isiguse sehemu inayotikisika na injini ikiwa imefungwa kwenye bodi.

Gari ambalo mafuta hushuka yenyewe bila pampu, kama Ford Model T, lisipewe filta ya karatasi. Sentimita 30 za petroli hutoa takriban psi 0.3 tu, na karatasi inaweza kuila yote. Bakuli la kutulizia uchafu lenye wavu linatosha. Kinyume chake, injeksheni za zamani zina presha inayopasua filta ya kabureta: Bosch D-Jetronic hufanya kazi kwa bar 2 hivi, K-Jetronic karibu bar 5. Huko ni filta ya chuma iliyotengenezwa kwa mfumo huo, na viungo vya kukaza vyenye nyuzi na washa mpya za shaba.

Ukimaliza, rudisha waya wa betri, jaza mfumo kwa stata au swichi kabla ya kuwasha, na upitishe kitambaa kikavu cha karatasi kila kiungo. Washa, acha injini ipate joto lake lote, zima, usubiri dakika 15 joto lipande, kisha upitishe kitambaa tena. Mipira mipya hulegea kidogo baada ya joto la kwanza, kwa hiyo kaza klipu tena injini ikishapoa, na urudie ukaguzi baada ya kilomita 100.